Prosesa ya bei nafuu ya mezani au Xeon ya seva iliyotumika? Mwongozo kamili wa kuzilinganisha

Swali hili hurudi kila mara kwa sura ileile. Mtu ameona Core i3 mpya (prosesa ya mezani ya Intel) na Xeon (prosesa ya seva ya Intel) iliyotolewa kwenye seva, yenye viini 14, yaani sehemu 14 ambazo kila moja hufanya kazi peke yake. Bei zinakaribiana, naye anauliza achukue ipi. Akijibiwa "inategemea kazi yako" anaona amezungushwa, anachukua yenye viini vingi, na baada ya wiki mbili anarudi kuuliza kwa nini kompyuta inasita akifungua kivinjari.

Kosa huwa moja: ameanza kwa kuhesabu viini. Mwongozo huu unaanza upande wa pili, kwenye kazi yenyewe, na unaifikia chipu baadaye. Nitatumia mfano wa prosesa mbili zinazoulizwa sana, Intel Core i3-12100 na Intel Xeon E5-2680 v4. Kama jozi yako ni nyingine, hatua ni zilezile, utabadilisha namba tu.

## Vitu vya kuandaa

- Kazi moja halisi unayoifanya mara kwa mara: video ya kutoa (kuifanya faili la mwisho), picha ya kurenda (kukokotolewa na kompyuta), msimbo wa kukompaili (kugeuzwa kuwa programu), au mashine pepe (kompyuta za kuigizwa ndani ya kompyuta moja) kadhaa za kuwasha pamoja. Faili liwe lilelile mwanzo hadi mwisho.
- Kompyuta unayoitumia sasa, hata kama ni kuukuu.
- Mashine mbili zenye prosesa unazolinganisha, au watu wawili wanaozimiliki na walio tayari kukuendeshea amri mbili tatu.
- Programu ya 7-Zip, toleo moja kwenye mashine zote.
- Programu za kusoma taarifa, kasi na joto la prosesa: HWiNFO kama uko Windows, `lscpu` na `sensors` kama uko Linux.
- Kipima umeme cha kuchomeka kati ya plagi na soketi ya ukutani.
- Lahajedwali au daftari. Usitegemee kichwa, maana namba zitakuwa nyingi.

Huhitaji programu za kulipia. Kipima umeme ndicho ambacho wengi hukiruka, na ndicho kinachobadilisha majibu mara nyingi kuliko wanavyotarajia.

## Hatua ya 1: Pima ni sehemu gani ya kazi yako inagawanyika

Viini 14 vina faida pale tu kazi inapokubali kukatwa vipande vinavyofanyika kwa wakati mmoja. Kazi nyingine zina mfululizo: hatua ya pili haianzi mpaka ya kwanza iishe. Ukiwapa watu kumi na wanne kazi ya namna hiyo, kumi na watatu watasimama wakitazama.

Endesha kazi yako mara mbili kwenye kompyuta uliyonayo.

Mara ya kwanza ifunge kwenye kiini kimoja. Linux tumia `taskset -c 0` ikifuatiwa na amri ya programu yako. Windows ianzishe programu, fungua Task Manager, nenda Details, bofya kulia jina la programu, chagua Set affinity na ubakize alama moja tu. Andika muda iliochukua.

Mara ya pili iachie huru itumie viini vyote. Andika muda.

Sasa fanya hesabu. Gawa muda wa kwanza kwa muda wa pili, upate S. Idadi ya viini vya kompyuta yako iite n. Sehemu inayogawanyika, p, ni:

p = (1 − 1/S) ÷ (1 − 1/n)

Mfano: kompyuta ina viini 4, kiini kimoja kimechukua dakika 60, vyote vinne vimechukua dakika 24. S ni 2.5. Hapo p = (1 − 0.4) ÷ (1 − 0.25) = 0.8. Asilimia 80 ya kazi inagawanyika na 20 iliyobaki haigawanyiki hata ukiongeza viini mia.

Hii ni kanuni ya Gene Amdahl ya mwaka 1967, imegeuzwa kinyume tu. Si sahihi kwa nukta, kwa sababu prosesa hupunguza kasi viini vyote vikiwa na kazi na nyuzi za ziada (kiini kimoja kikiendesha mifululizo miwili ya kazi kwa pamoja) nazo huchanganya hesabu kidogo. Kwa uamuzi wa kununua inatosha kabisa.

Tahadhari: kama muda ulibadilika kidogo mno kati ya majaribio mawili, angalia diski kabla ya kuilaumu programu. Kazi inayongoja diski haigawanyiki kwa prosesa yoyote, na dawa yake ni SSD.

Utajua umefaulu ukiwa na namba moja ya p kwa kila kazi unayoijali. Ukiona iko chini ya 0.5, huna haja ya kuumiza kichwa na Xeon. Ruka hadi hatua ya 6 ujiridhishe na gharama, kisha uendelee na maisha yako.

## Hatua ya 2: Andika sifa za prosesa zote mbili sambamba

| Sifa | Core i3-12100 | Xeon E5-2680 v4 |
|---|---|---|
| Mwaka wa kutoka | 2022 | 2016 |
| Viini / nyuzi | 4 / 8 | 14 / 28 |
| Kasi ya msingi | GHz 3.3 | GHz 2.4 |
| Kasi ya juu kabisa | GHz 4.3 | GHz 3.3 |
| Kashe (kumbukumbu ndogo ndani ya prosesa) ya L2 kwa kila kiini | MB 1.25 | KB 256 |
| Kashe ya L3 | MB 12 | MB 35 |
| RAM | chaneli 2, DDR4-3200 au DDR5-4800 | chaneli 4, DDR4-2400 |
| Njia za PCIe (za kadi na diski) | 20 (matoleo ya 5.0 na 4.0) | 40 (toleo la 3.0) |
| Nguvu iliyotangazwa | wati 60, hadi 89 | wati 120 |
| Michoro ya ndani | ipo | haipo |
| Soketi | LGA1700 | LGA2011-3 |

Jedwali kama hili ndipo wengi wanapoanzia na ndipo wanapoishia. Wanazidisha viini kwa gigahezi: 14 mara 2.4 ni 33.6, na 4 mara 3.3 ni 13.2, basi Xeon imeshinda mara mbili na nusu. Hesabu hiyo ifute. Gigahezi moja ya chipu ya 2016 hailingani na gigahezi moja ya chipu ya 2022, kwa sababu kiini kipya hukamilisha maagizo mengi zaidi katika kila pigo la saa. Ni kama kuhesabu hatua za mtoto na za mtu mzima ukasema mwenye hatua nyingi ndiye aliyefika mbali.

Kasi ya juu kabisa nayo isomwe kwa makini. GHz 3.3 ya Xeon hupatikana viini vichache vikiwa kazini; vyote 14 vikishika kazi hushuka hadi GHz 2.9. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Mahali ambapo seva inaonekana kuwa seva kweli ni RAM na PCIe. Chaneli nne za DDR4-2400 hupitisha GB 76.8 kwa sekunde (2400 × 8 × 4), wakati chaneli mbili za DDR4-3200 hupitisha GB 51.2. Na njia 40 za PCIe maana yake ni kadi mbili za michoro na diski kadhaa za kasi za NVMe bila kugombania nafasi. Anayehitaji hivyo vitu anajijua. Asiyejijua, hahitaji.

Tahadhari kuhusu majina: herufi "v" mwishoni mwa Xeon E5 ni kizazi. Zisizo na v yoyote na zile za v2 hazina maagizo ya AVX2 (ya kukokotoa namba nyingi kwa pamoja), na zipo programu za leo ambazo bila AVX2 hazifunguki. Anzia v3. Upande wa i3, herufi F mwishoni, yaani 12100F, maana yake michoro ya ndani imezimwa.

## Hatua ya 3: Jaribio la uzi mmoja

Hili ndilo jaribio linaloeleza kompyuta "itahisiwa" vipi: kufungua programu, kurasa za intaneti, lahajedwali, gemu nyingi. Fungua terminali na uendeshe:

`7z b -mmt1`

Mstari wa mwisho, ulioandikwa Tot, una namba ya jumla kwa MIPS (mamilioni ya maagizo kwa sekunde). Endesha mara tatu, chukua ya katikati. Usichukue ya juu kabisa. Hiyo ni bahati tu.

Masharti ya jaribio kuwa la haki:

- Kompyuta iwe imepumzika dakika tano baada ya kuwaka, bila masasisho yanayopakuliwa nyuma ya pazia.
- Mpangilio wa umeme uwe wa utendaji wa juu kwenye mashine zote mbili. Kwenye kompyuta-mpakato wengi hulijua hili, ila kwenye seva hubaki limesahaulika ndani ya BIOS (programu ya ubao mama inayoiwasha kompyuta) likiwa limewekwa kwenye kubana matumizi.
- Kila chaneli ya RAM iwe na kijiti chake. Hapa ndipo Xeon nyingi zinapoonewa: mtu anaweka kijiti kimoja badala ya vinne, kasi ya kumbukumbu inashuka kutoka GB 76.8 hadi 19.2 kwa sekunde, kisha anatangaza kwamba Xeon ni mbovu. 7-Zip inaitegemea sana kumbukumbu, kwa hiyo kosa hili litaonekana kwenye matokeo.

Gawa matokeo ya i3 kwa ya Xeon. Namba unayopata iite k. Itakuwa kubwa kuliko 1, na hilo lisikushangaze: kiini kimoja cha i3 hii ni kipya kwa miaka sita na kinakimbia GHz 1 zaidi.

Utajua umefaulu ikiwa majaribio matatu yanatofautiana kwa asilimia mbili tatu tu. Yakipishana kwa asilimia kumi na zaidi, kuna kitu kinaendelea nyuma au prosesa imepata joto. Tafuta chanzo, usichukue wastani wa fujo.

## Hatua ya 4: Jaribio la viini vyote, tena la muda mrefu

Sasa endesha `7z b` bila kikomo cha nyuzi. Hakikisha mashine ya nyuzi 28 ina RAM ya kutosha, kwa sababu kila uzi unachukua sehemu yake, na RAM ikibana jaribio halitakuwa sawa na la mwenzake.

Hapa Xeon itaipita i3. Swali ni kwa kiasi gani, na je, itaudumisha mwendo huo? Ukitaka kujua, liendeshe jaribio mfululizo kwa nusu saa. Kwenye Linux andika `7z b 50` ili lirudie mara hamsini. Wakati huohuo tazama HWiNFO au `sensors`: kasi ya saa, joto, na wati.

Kuna hesabu moja ya kukusaidia kutambua tatizo. Gawa matokeo ya viini vyote kwa matokeo ya uzi mmoja. Kwa Xeon hii, viini 14 vikienda GHz 2.9 ikilinganishwa na GHz 3.3 ya uzi mmoja, utegemee angalau karibu mara 12 (14 × 2.9 ÷ 3.3), na nyuzi za ziada huongeza juu ya hapo. Ukipata mara 7 au 8, prosesa inabanwa na kitu. Watuhumiwa kwa mpangilio: feni isiyokaa sawasawa, pesti ya joto iliyokauka, chaneli za RAM zilizo wazi, na ubao mama wenye saketi dhaifu za kulisha umeme.

Upande wa i3, chunguza dakika ya kwanza na dakika ya ishirini. Baadhi ya mbao huiruhusu ile wati 89 kwa muda mfupi kisha huirudisha kwenye 60. Nyingine huiacha huko juu daima. Zote ni halali. Wewe andika namba ya dakika ya ishirini.

Na kama unafikiria ubao wa soketi mbili, wenye Xeon mbili, usizidishe matokeo kwa mbili. Kila prosesa ina RAM yake, na uzi ulio upande huu ukihitaji data iliyo upande ule, lazima uvuke daraja kati yao. Programu zilizoandikwa kwa kulijua hilo hunufaika sana. Gemu, kinyume chake, huweza hata kurudi nyuma.

## Hatua ya 5: Unganisha p na k

Hapa namba zako za hatua ya 1 na ya 3 zinakutana. Kiini kimoja cha Xeon kikihesabiwa kuwa 1, kasi ya kila prosesa kwa kazi yako ni:

- i3: k ÷ ((1 − p) + p/4)
- Xeon: 1 ÷ ((1 − p) + p/14)

Chukulia umepata k ya 1.7. Kwa kazi yenye p ya 0.5, i3 inapata 2.72 na Xeon 1.87. Kwa p ya 0.95, i3 inapata 5.9 na Xeon 8.5. Mizani inakuja kulingana p ikiwa karibu 0.85.

Rudia sentensi hiyo taratibu. Kwa k ya 1.7, Xeon yenye viini mara tatu na nusu huanza kushinda pale tu asilimia 85 ya kazi yako inapogawanyika. Kurenda picha za 3D huvuka mstari huo bila jasho. Kukompaili mradi mkubwa wenye mafaili mengi yasiyotegemeana huvuka pia, ingawa hatua ya mwisho ya kuunganisha hubaki kwenye uzi mmoja. Kuhariri picha, kuchora ramani za majengo kwenye programu za CAD, lahajedwali nzito zenye fomula zinazotegemeana: hizo mara nyingi hazifiki.

Mashine pepe ni jambo tofauti. Ukiwasha sita kwa pamoja, kila moja ni kazi inayojitegemea, kwa hiyo mgawanyiko uko tayari hata kama ndani ya kila moja hakuna kinachogawanyika. Hapo viini vingi vya polepole ni bora kuliko vichache vyenye mbio, na nafasi ya RAM ya seva inamaliza ubishi.

Ukipata nafasi, thibitisha kwa kuendesha kazi yako halisi kwenye mashine zote mbili. Fomula ikikataa na saa ikikubali, iamini saa. Sababu ya kawaida ya kutofautiana ni kutoa video: i3-12100 ina mtambo wa Quick Sync ndani ya michoro yake, unaotoa video bila kuvichosha viini. Programu ikiutumia, i3 ya viini vinne inaweza kuiacha Xeon nyuma katika kazi ambayo fomula iliipa Xeon ushindi. Ubora wa picha kwa ukubwa uleule wa faili huwa chini kidogo kuliko ukitolewa polepole na viini, kwa hiyo tazama matokeo kwa macho kabla ya kushangilia.

## Hatua ya 6: Andika gharama ya mashine nzima

Hii ndiyo hatua inayowaumiza watu. Prosesa ya seva iliyotumika huuzwa rahisi kwa sababu vinavyoizunguka si rahisi. Orodhesha vyote kabla ya kutoa hata senti.

Ubao mama. LGA2011-3 hautengenezwi tena na kampuni kubwa kwa soko la mezani. Utapata mbao zilizotumika, au zile zinazouzwa kama mpya kwa jina la X99 huku baadhi yake zikibeba chipu zilizong'olewa kwenye mbao nyingine. Zipo zinazodumu. Ila masasisho ya BIOS usiyategemee. Mbao halisi za seva nazo mara nyingi zina umbo lisiloingia kwenye kasha la kawaida la kompyuta na plagi za umeme zisizofanana na za pawa saplai uliyonayo.

RAM. Soma lebo ya kijiti. Baada ya maandishi kama PC4-2400T kuna kistari na herufi: R ni RDIMM ya seva, U ni UDIMM ya kawaida, L ni LRDIMM ya seva pia. Vijiti vya DDR4 vya aina zote vina pengo mahali pamoja, kwa hiyo RDIMM itaingia vizuri kwenye ubao wa i3, itabana kwa mlio mtamu, na kompyuta haitawaka. Mimi nilipoteza jioni nzima hapo, nikibadilisha kebo na pawa saplai, kisa vijiti vinne nilivyouziwa kuwa "DDR4 safi". Vilikuwa safi kweli, na vilikuwa vya seva.

Habari njema ni upande wa pili: RDIMM zilizotumika huwa rahisi kwa kila gigabaiti kuliko za kawaida, kwa sababu wanaoweza kuzitumia ni wachache. Kama unahitaji GB 128 au zaidi, akiba hii pekee inaweza kuamua shauri. Kumbuka pia kwamba RAM hizo ni za ECC, zinazosahihisha makosa madogo ya kumbukumbu. Kwa seva ya data inayowaka mwaka mzima, hilo lina uzito.

Feni ya prosesa. LGA2011-3 ina fremu za aina mbili: ya mraba, yenye matundu ya milimita 80 kwa 80, na nyembamba, ya milimita 56 kwa 94. Feni ya moja haifungi kwenye nyingine. Pima kwa rula kwenye picha au muulize muuzaji akupimie.

Kadi ya michoro. Xeon E5 haina michoro. Hata kama ni ya kuonyesha skrini ya kusakinisha mfumo tu, utahitaji kadi, isipokuwa ubao wa seva wenye chipu ndogo ya picha juu yake. Kompyuta nyingi za Xeon "zilizokufa" zilikuwa zinawaka vizuri, hazikuwa na pa kuonyeshea.

Pawa saplai. Ya i3 inaweza kuwa ya kawaida kabisa. Ya Xeon iwe na plagi ya pini 8 ya prosesa, na ya ubora wa kueleweka.

Jumlisha pande zote mbili. Kisha gawa kila jumla kwa kasi uliyopata hatua ya 5. Namba ndogo ndiyo nafuu ya kweli.

## Hatua ya 7: Pima umeme ukutani

Wati zilizo kwenye jedwali ni za prosesa peke yake. Ubao, RAM, feni na hasara za pawa saplai hazimo. Chomeka kipima umeme na uandike namba mbili kwa kila mashine: ikiwa imetulia bila kazi, na ikiwa kwenye dakika ya ishirini ya jaribio zito.

Kwa kazi, linganisha nishati kwa kila kazi na si wati tupu. Mashine inayovuta wati 95 kwa saa 3 imekula wati-saa 285. Nyingine inayovuta 190 kwa saa moja na nusu imekula 285 pia. Zimetoka sare, japo ya pili inatisha ukiiangalia kwenye kipimo.

Hasara huwa iko kwenye kutulia. Tuseme tofauti ni wati 40, na mashine inawaka mchana na usiku: 40 × 24 × 30 ni kilowati-saa 28.8 kwa mwezi, yaani uniti 28.8 za umeme kwa kukaa tu. Zidisha kwa bei ya uniti unayolipa na kwa miezi utakayoishi na mashine hiyo, kisha rudi hatua ya 6 uongeze kwenye jumla.

Kompyuta inayowashwa saa mbili kwa siku isikupotezee muda kwenye hatua hii.

## Hatua ya 8: Angalia mfumo endeshi utakaouweka

Xeon E5 v4 haimo kwenye orodha ya prosesa ambazo Windows 11 inazikubali rasmi, na Windows 10 iliacha kupokea msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Zipo njia za kulazimisha usakinishaji. Kwa kompyuta ya ofisi sizishauri, kwa sababu kinachofanya kazi leo kinaweza kukataa kwenye sasisho la toleo lijalo. Ukitumia Linux, suala hili halipo.

Jambo la pili ni Meltdown na Spectre, kasoro za usalama za prosesa zilizotangazwa Januari 2018. E5 v4 ilitoka kabla, kwa hiyo kinga dhidi ya Meltdown inafanywa na mfumo endeshi, na kazi zenye kusoma na kuandika diski au mtandao mara nyingi hulipa gharama yake kwa kasi. i3-12100 imetengenezwa ikiwa na kinga hiyo ndani ya chipu. Kwenye Linux, `lscpu` itakuonyesha orodha ya kasoro na kinga zake chini kabisa. Usizime kinga ili kupata alama za juu, halafu ukatumia mashine hiyo kwenye intaneti.

## Hatua ya 9: Kabla ya kulipia chipu iliyotumika

Kifuniko cha prosesa kinasema mengi. Ukiona maneno INTEL CONFIDENTIAL, hiyo ni sampuli ya majaribio ambayo haikukusudiwa kuuzwa; kasi yake inaweza kuwa tofauti na ya bidhaa kamili na baadhi ya mbao huikataa. Jina kamili la modeli liwe limechongwa na lisomeke. Picha ya skrini ya CPU-Z (programu inayotaja aina ya prosesa) isiyo na picha ya chipu yenyewe ni sawa na kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Geuza chipu uangalie vituo vya dhahabu chini: madoa meusi au mikwaruzo inayokata kituo ni sababu ya kuondoka. Kwenye LGA pini ziko kwenye soketi ya ubao, kwa hiyo unaponunua ubao, taka picha ya soketi iliyo wazi, iliyopigwa kwa mwanga wa pembeni. Pini moja iliyopinda inaweza kupoteza chaneli nzima ya RAM.

Kama umehamia kwenye EPYC, prosesa za seva za AMD, ongeza swali moja: chipu ilitoka kwenye seva ya nani? EPYC inaweza kufungwa kwa mtengenezaji wa seva kupitia kinga yake ya kuwaka, na ikishafungwa haitawaka kwenye ubao wa mtengenezaji mwingine. Hakuna kitufe cha kuifungua.

## Hatua ya 10: Amua

Sasa una namba nne kwa kila upande: kasi kwa kazi yako, gharama ya mashine nzima, umeme wa mwezi, na kama mfumo endeshi wako unakubalika. Nitakwambia ninavyoziamua mimi.

Kompyuta moja ya kila kitu, yenye kivinjari, ofisi, gemu na video za hapa na pale: i3, hata kama Xeon imeshinda kwa asilimia ishirini kwenye kurenda. Kusita kidogo kila ukibofya utakuhisi kila siku, kurenda utakuhisi mara moja kwa wiki.

Sanduku la pembeni la mashine pepe, kurenda usiku, au kadi na diski nyingi, huku una kompyuta nyingine ya kukalia: Xeon, na RDIMM nyingi kadiri unavyoweza.

Katikati ya hapo, p ikiwa kati ya 0.8 na 0.9, prosesa zote mbili si jibu zuri. Weka safu ya tatu kwenye lahajedwali lako kwa Ryzen 5 5600 ya AMD, yenye viini 6, nyuzi 12 na kashe ya L3 ya MB 32 kwa wati 65, kisha rudia hatua ya 3 hadi ya 6. Haina michoro ya ndani, kwa hiyo bei ya kadi iingie kwenye jumla.